Donati za Kwenye Kamba ya Katani

Shangazi yangu Kasiva hakuwahi kutoboa donati kwa kikopo. Alifinyanga donge la unga, akalitoboa kwa kidole gumba, kisha akalizungusha kwenye kidole cha shahada mpaka tundu likapanuka lenyewe. Zikitoka kwenye mafuta hakuzimwaga juu ya karatasi kama wafanyavyo wengine. Alizitunga kwenye kamba ya katani, ileile ambayo wanawake wa kwetu huisokota mapajani kwa kusukia viondo, akaifunga kamba kwenye misumari miwili ukutani, na donati zikaning'inia hapo zikidondosha mafuta ndani ya sufuria. Mteja akija, alifungua ncha moja na kumvulia donati yake.

Na si donati kama hizi za siku hizi. Kwenye unga wa ngano aliongeza konzi za unga wa wimbi aliokuwa ameukaanga kikaangoni, bila mafuta, mpaka ukanukia. Juu alipaka asali. Ukiimega, ndani ilikuwa na rangi ya udongo, na harufu yake ilikuwa kama moshi wa mbali. Bekari yake ilikuwa nyuma ya soko la Machakos, chumba kimoja chenye dirisha la mbao, na watu walioondoka mjini zamani wakirudi kwa mazishi au harusi walipitia pale kwanza kabla ya kufika nyumbani kwao.

Alikuwa dada wa baba yangu. Aliolewa Kola na mwanamume mpole aliyeitwa Ndunda, wakaishi miaka mingi bila mtoto. Ndunda hakumtafutia mke mwenza, wala hakumpigia kelele. Alikufa kimyakimya vilevile alivyoishi, akazikwa kwenye shamba lake, na kabla udongo wa kaburi haujashuka, ndugu yake Muthoka alikuwa ameanza kutembea mipakani mwa lile shamba akiwa ameweka mikono nyuma, kama mtu anayepunga hewa.

Wanawake wakubwa wa Kola walimwambia Kasiva afanye kile ambacho wanawake wa kwetu wamefanya tangu zamani. Kwetu Ukambani, mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anayeolewa huitwa iweto. Mwenye nyumba hupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana kama mwanamume yeyote, wazee wa ukoo wanakula, na watoto atakaowazaa iweto, kwa mwanamume atakayempenda mwenyewe, ni watoto wa nyumba iliyotoa mbuzi. Mwenye nyumba watamwita susu, yaani nyanya, na msichana wa kwanza atapewa jina lake.

Kanisani jambo hili halizungumzwi. Hakuna anayelikemea waziwazi, kwa kuwa nusu ya waumini wamezaliwa katika nyumba za namna hiyo. Lakini hakuna anayelitaja. Na Kasiva alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa.

Alimwoa Wanza kutoka upande wa Masii. Msichana mrefu, mwenye maneno machache, aliyeacha shule kwa sababu zilezile ambazo wasichana wa kwetu huacha shule. Mbuzi wakapelekwa. Wanza akaja mjini, akajifunza kufinyanga, kutoboa kwa kidole gumba, kukaanga wimbi, kutunga kwenye katani. Baada ya muda akazaa msichana, naye akaitwa Kasiva. Shangazi alimbeba yule mtoto bekarini siku nzima, akamchafua unga kichwani, na wateja wakicheka aliwaambia, "Huyu ni mimi. Nimejizaa."

Kisha, wakati mtoto alipoanza tu kuuliza maswali, Wanza aliondoka naye. Hakuaga. Nambari ya simu ikawa haipatikani. Kwao Masii walisema hawajui aliko, na namna walivyosema ilionyesha kwamba hata kama wangejua wasingesema. Shangazi hakuwahi kunieleza sababu. Nilipouliza alinijibu, "Nilimpa kila kitu. Mbuzi walitolewa. Nguo alivaa. Mimi najua shida yake?" Nami niliacha kuuliza.

Miaka ikapita hivyo. Halafu mwaka jana, mvua za Novemba zilipokuwa zinaanza, Muthoka alipitisha habari kwamba ukoo utakaa Desemba, watu wa Nairobi wakiwa wamerudi nyumbani, ili uamue juu ya shamba la Ndunda. Alisema ile ni nyumba iliyofungwa. Mlango upo, mtu wa kuufungua kesho hayupo.

Wiki hiyo shangazi alinipigia simu.

"Mama Festus, hilo gari lako liko na mafuta?"

"Liko nayo kidogo. Tunaenda wapi?"

"Kula donati."

"Shangazi, wewe unazo donati ukuta mzima."

"Nimechoka na zangu. Nataka kuonja za watu."

Nilidhani uzee umemrudisha utotoni. Siku hizo mimi sikuwa na kazi ya kunizuia. Chuo nilichokuwa nikifundisha kilikuwa kimetupumzisha, na Festus mwanangu alikuwa kwa baba yake. Tulipofika kilima cha kushuka kuelekea Tala ndipo alipotoboa siri.

"Wanza hajui kazi nyingine," alisema, akiangalia nje. "Popote alipo, anakaanga donati. Na donati ya mtu niliyemfundisha mimi, nitaijua hata nikifumba macho. Nikimpata atakuja Kola na mtoto, wazee wamwone, basi. Muthoka atafunga mdomo."

"Na akikataa?"

"Atakataaje? Ni nyumba yake."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzunguka bekari za kaunti yote ya Machakos, mimi nikiendesha, yeye akionja. Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahi. Ni nadra kwa mtu mzima kupewa sababu ya heshima ya kula vitu vitamu kila siku.

Tala walitupa donati kubwa kama kilemba, iliyobonyea mara tulipoishika. Shangazi aliitafuna pole, akatikisa kichwa. "Hawa wamekaanga upepo." Kangundo tulimkuta Josphat, mwenye bekari mpya yenye vigae, aliyetuonyesha mashine yake kabla hatujaagiza.

"Mama, hii inatoboa yenyewe," alisema kwa fahari. "Hata mkono haugusi unga."

"Na kuonja, inaonja yenyewe?"

Josphat alicheka, lakini hakutuongezea chai. Masii, ambako nilifikiri tungepata angalau fununu, palikuwa na kikundi cha vijana waliokaanga kwenye mafuta yaliyotumika mpaka yakawa meusi. Shangazi alitema nje, kwa adabu, nyuma ya gari. Athi River, karibu na geti la EPZ, wanawake waliuza donati kutoka kwenye mabeseni kwa wasichana wa viwanda vya nguo waliokula wakitembea, uzi na manyoya ya vitambaa yakiwa bado kwenye nywele zao. Zile zilikuwa tamu kweli. Shangazi alikula nzima, akamwuliza muuzaji jina lake, jina la mama yake na alikotoka. Haikuwa yeye.

Nilianza kuona jinsi alivyokuwa akitafuta. Hakuwa anaangalia nyuso. Alikuwa akiingia, anaketi, anamega, ananusa kwanza, kisha anafumba macho. Akifumbua, sisi hao tumeondoka. Kama Wanza mwenyewe angepita nyuma yake wakati huo, asingegeuka.

Mlolongo tuliingia mahali palipoandikwa Joy Bakers, si mbali na mizani ya malori, ukuta umepakwa rangi ya waridi, vumbi la machimbo limekaa juu ya kila kitu. Aliyekuwa dukani ni msichana mchangamfu, Ciku, kucha ndefu, kofia ya karatasi kichwani.

"Niaje mathe! Karibu. Unataka ya chokoleti ama strobere?"

"Nataka donati."

"Si ndio hizo, mathe. Ziko na rangi."

Shangazi alichukua ya waridi. Tundu lake lilikuwa limekatwa kwa kikopo, duara kamili. Ndani ilikuwa nyeupe kama pamba ya hospitali. Alinusa, akamega, akafumba macho, akafumbua haraka.

"Inanuka dawa ya meno."

Ciku alipasuka kicheko. "Basi asubuhi hauna haja ya kupiga mswaki, mathe!"

Tukalipa, tukaondoka. Garini shangazi alifuta vidole kwa leso na kusema, "Hapana. Sukari nyingi. Huyo hata hajui wimbi ni nini." Nami nikatoa Mlolongo kichwani mwangu.

Ilikuwa Matuu, mbali kabisa upande wa Yatta, ambako mambo yaligeuka. Kule wafanyabiashara wengi ni Wakikuyu waliohamia zamani, na bekari tuliyoelekezwa ilikuwa ya Warigia, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Donati zake zilikuwa za kawaida. Shangazi alikuwa ameshasimama kuondoka, nami nilikuwa nimeshika ufunguo, pazia la jikoni lilipopeperushwa na upepo. Nyuma yake, kwenye kamba ya katani, donati zilikuwa zimening'inia ukutani.

Shangazi aliketi tena. Aliketi vibaya, kama mtu aliyesukumwa.

"Hayo ya kutundika," alisema, "umejifunza wapi?"

"Hayo?" Warigia alicheka. "Watu wote wananiuliza. Nilifanya kazi Mlolongo kabla ya kufungua hapa. Mwajiri wangu alikuwa Mkamba, anatundika hivyo. Mafuta yanatoka yote, unaokoa karatasi. Mama Joy. Ako na mkono huyo mama, lakini haongei. Unaweza kukaa naye wiki mzima, hajakuuliza hata umelala aje."

"Ana mtoto?"

"Si huyo Joy. Ni msichana mkubwa sasa."

Tukageuza gari. Karibu na Machakos shangazi aliniambia, "Niliila ile donati na nikaitemea maneno," na sikujua kama alikuwa akijilaumu au akimlaumu Wanza kwa kupika kitu ambacho yeye hakukijua.

Kesho yake tulirudi Mlolongo. Alivaa sare ya kina mama wa kanisa, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi. Nilitaka kumwambia asiivae, nikakosa pa kuanzia.

"Mathe! Umerudi?" Ciku alipaza sauti. "Si ulisema tunauza dawa ya meno?"

"Niitie mwenye duka."

Wanza alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amenenepa kidogo, na mashavuni alikuwa na makovu madogo ya mafuta ya moto. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, akamwambia Ciku aende akanunue sabuni. Ciku alisema sabuni ipo. Wanza akarudia, na Ciku akaenda.

"Nilijua mtakuja Desemba," alisema. "Muthoka ameitisha watu?"

"Ameitisha," shangazi alijibu. "Mwisho wa mwezi. Kwa hivyo jitayarishe, wewe na mtoto. Mtalala kwangu siku moja kabla, twende Kola pamoja. Wazee wakuone tu. Hakuna anayekulazimisha kukaa."

Alisema hivyo akiwa bado amesimama, kabla ya salamu, kabla hata ya kuuliza mtoto yuko wapi. Wanza alivuta kiti, akamwekea. Shangazi hakukaa.

"Mwaitu," Wanza alisema. Ni neno letu la kumwita mama, na alilitamka kama kitu alichokitoa kabatini baada ya muda mrefu. "Umekuja kwa sababu ya shamba."

"Nimekuja kwa sababu ya nyumba yako."

"Kama ungekuja kwa sababu ya mtoto ningekupikia chai."

"Nitanywa chai ya nini, watu wanataka kuninyang'anya kaburi la mume wangu?" Sauti ya shangazi ilipanda. "Nilikukosea nini, Wanza? Nieleze mbele ya huyu binti wa kaka yangu. Nilikunyima nini? Uliondoka kama mwizi, na kila kitu kilikuwa chako!"

Wanza aliniangalia mimi, si yeye. "Unakumbuka ile siku ya kuchangia paa la kanisa? Ulikuwepo?"

Nilisema sikuwepo.

"Mchungaji mgeni aliletwa bekarini aiombee. Kina mama wote walikuwa hapo, na sare kama hii. Akaniona nimesimama, mtoto kando yangu ameshika kamba ya donati. Akauliza, 'Na huyu ni binti yako?' Unajua huyu mama alisema nini? Alisema, 'Hapana, huyu ni msichana wa kunisaidia kazi.' Mchungaji akauliza, 'Na mtoto?' Akasema, 'Ni wake.'"

Lori lilipita nje na vikombe vikatetemeka kwenye sinia.

"Mtoto mwenye jina lako," Wanza alimwambia. "Jioni aliniuliza, 'Mama, susu ni nani wetu?' Ningemjibu nini?"

"Ningesema nini?" shangazi aliuliza. "Mbele ya mchungaji? Mbele ya kina mama? Ulitaka niseme huyu ni mke wangu?"

"Hao kina mama wote walijua. Walikuwa wanakula donati zangu wakijua. Ni wewe tu ulikuwa hujui."

Macho ya shangazi yalikuwa yameenda nyuma ya Wanza, kwenye mlango wa jikoni. Donati zilikuwa kwenye kamba.

"Mbona hukuacha hiyo ya kamba?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Umeacha wimbi. Umeacha asali. Unakata kwa kikopo."

"Wimbi nikiinusa naona lile jiko lako. Ya kamba nilijaribu kuacha, mikono ikakataa."

Hapo ndipo msichana alipoingia. Mikono na miguu mirefu ya mama yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka.

"Mama, anayenisuka anasema umpelekee donati mbili za moto, ndio amalizie." Akatuona. Aliinamisha kichwa kidogo kwa shangazi. "Shikamoo, cucu."

Cucu, yaani nyanya, ni neno la majirani zao Wakikuyu. Pale Mlolongo watoto humwita hivyo mwanamke yeyote mwenye mvi, auzaye mboga au apitaye njia.

"Marahaba," shangazi alisema.

Msichana alikwenda kwenye kamba, akafungua ncha, akavua donati mbili. Moja aliitia kwenye kidole cha shahada, akawa anaizungusha huku akitusubiri tuseme kitu, kama watoto wafanyavyo wakiona wakubwa wamenyamaza ghafla. Nilimwona shangazi akikiangalia kile kidole.

"Ni nani, Mama?"

Wanza alikawia. Ninaamini kulikuwa na muda ambapo angeweza kusema jambo lingine. Shangazi naye alikuwa na muda huohuo. Lakini mmoja alikuwa amesimama na sare yake, na mwingine alikuwa na makovu yake, na hakuna aliyemsaidia mwenzake.

"Ni mama niliyekuwa nikimfanyia kazi Machakos," Wanza alisema.

"Yule wa bekari?"

"Ndiye mimi," shangazi alijibu. "Mama yako alikuwa mfanyakazi mzuri."

"Ako sawa," msichana alisema, akacheka, akatoka mbio na donati zake. Kupitia dirishani tulimwona akivuka vumbi, nusu ya nywele zikiruka.

"Mnamwita Joy," shangazi alisema.

"Ndilo jina la shuleni. Na la nyumbani."

Wanza alitusindikiza mpaka garini. Aliinama kwenye dirisha la upande wa shangazi na kuzungumza haraka. "Usiniletee wazee. Najua desturi. Wakisema mtoto ni wa nyumba yao kwa sababu ya mbuzi, nani atanisikiliza mimi? Watakuja kumchukua hapa akiwa na begi la shule. Tafadhali, mwaitu. Nifanyie hilo moja."

Shangazi alikuwa akiangalia mbele, kwenye foleni ya malori ya kupimwa. Nilipowasha gari alipandisha kioo, na kilipanda polepole, kama vioo vya magari ya zamani vinavyopanda, na Wanza alisimama hapo hadi kilipofika juu.

Sikujua angefanya nini. Siku zilizofuata alifanya kazi yake kama kawaida, na mimi niliogopa kumwuliza. Usisahau kwamba alihitaji neno moja tu. Mlolongo. Akiwaambia wazee hivyo, ukoo ungejaza gari siku hiyohiyo, ungeleta mtoto, na shamba lingebaki kwenye nyumba yake. Kaburi la Ndunda lingebaki kwake. Na yeye mwenyewe, siku yake ikifika, angelazwa kando ya mume wake kama mwenye nyumba, si kama mgeni aliyeombewa nafasi.

Siku ya kikao tulikwenda Kola na kamba mbili za donati. Muthoka alikuwa amepanga viti vya plastiki sebuleni, na redio ilikuwa imezimwa kwa heshima. Mzee Muindi, msemaji wa ukoo, alikuwa ameketi karibu na dirisha kwa sababu ya kifua chake.

"Shemeji!" Muthoka alisema alipoona mizigo yetu. "Umetuletea mkufu wa kula."

"Uvae kwanza tuone kama unakutosha," shangazi alimjibu, na watu wakacheka. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama sherehe. Walikunywa chai. Muthoka alikula donati nyingi kuliko wote, akisifu wimbi kwa mdomo uliojaa.

Kisha Muindi alikohoa.

"Kasiva, hatutaki maneno mengi. Ulioa kwa nyumba ya Ndunda. Mbuzi walitolewa, mimi mwenyewe nilikula. Iweto yako alizaa. Sasa hatuwaoni. Kama wako hai, tuambie wako wapi, hata kama ni Mombasa, tutawafuata. Mtoto ni wetu. Shamba ni la mtoto. Muthoka atakubali, ama hatakubali lakini atanyamaza."

Muthoka aliacha kutafuna.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake shangazi, ufunguo wa gari mkononi. Niliona mgongo wake tu. Alitumia muda kukunja kitambaa cha mfuniko wa bakuli, pembe kwa pembe.

"Sikuwa na iweto," alisema. "Nilikuwa na msichana wa kunisaidia kazi."

"Kasiva," Muindi alisema kwa upole, "mbuzi nilikula."

"Basi ulikula mshahara wake."

Kukawa na kelele. Mtu alisema uzee, mwingine akasema aibu. Mwanamke mmoja aliyekuwa mlangoni, mmoja wa walewale waliokuwa bekarini siku ya paa, aliangalia chini. Muindi aliuliza tena, na tena, akibadilisha maneno ili kumrahisishia, na kila mara shangazi alirudia jibu lilelile kwa sauti ileile. Msichana wa kazi. Mtoto? Ni wake. Mwisho Muindi alichoka. Wakaamua kama nyumba zisizo na mtu zinavyoamuliwa, shamba likaenda kwa ndugu. Muthoka alisimama na kushukuru ukoo, na kwa ukarimu mkubwa alisema shemeji yake anaweza kuja kupalilia kaburi wakati wowote, apige simu tu kwanza.

Tulipoondoka, shangazi alichukua kamba zake mbili tupu, akazikunja na kuzitia kwenye mkoba. Hatukusimama kaburini. Niliuliza kama anataka, akasema, "Ndunda anajua."

Sijui alifanya vile kwa ajili ya Wanza au kwa sababu hakuweza, hata mwishoni, kusema mbele ya watu kile ambacho hakuwahi kukisema. Nimefikiri sana, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozidi kutojua. Yeye mwenyewe hatalizungumzia. Nilipojaribu mara moja alinijibu, "Kula," na kunisogezea sahani.

Bekari bado ipo nyuma ya soko. Anapika kidogo kidogo tu sasa, magoti yanamsumbua. Mimi napita Mlolongo mara kwa mara nikienda Nairobi kutafuta kazi, na kila mara nasimama Joy Bakers. Wanza hutoka jikoni, hunisalimu, hafungi mfuko mwenyewe, humwachia Ciku. Ninampelekea shangazi zile za waridi. Hajawahi kuniuliza nimezinunua wapi. Huzichambua mfukoni moja moja, huku akiziangalia.

Juzi, kati ya zile zilizokatwa kwa kikopo, kulikuwa na moja yenye tundu lililopinda, lililopanuliwa kwa kidole. Ilikuwa nyeupe ndani kama nyingine zote, na sukari ileile ya waridi. Shangazi aliitia kwenye kidole cha shahada. Aliizungusha mara moja, kidogo, kama anayepima. Kisha akaila yote mpaka mwisho.

"Sukari nyingi," alisema, na kulamba kidole.